Mtaa wa Wanaume Waliolala

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nilizaliwa na bahati, na asiyeamini aje apime kreti zangu. Leo mbili, zimejaa hadi mikia inaning'inia nje. Nimeteremka gatini chai bado ina moto kwenye chupa! Wenzangu walinitazama kama mtu aliyeoa mara ya pili bila kuwaalika.

Karani wa ushirika, kalamu sikioni, akauliza nimekaa baharini saa ngapi. Nikamwambia mbili — na katika hizo, nusu saa nilikuwa natafuta kiberiti. Watu wakaangua kicheko. Akaandika mbili.

Ndiyo maana wananiita Kapteni Bahati. Jina hili sikujipa. Sawa, nilijipa, lakini wamelikubali.

Sifa zangu sasa zinafika hadi idara ya uvuvi. Walituletea mtaalamu mwaka jana, mwanamke mdogo tu, buti za mpira zinamzidi, anatembea gatini kama bata kwenye matope. Kila samaki anamlaza kwenye ubao wenye namba, anamnyoosha mkia, anasoma urefu. Tumemwita Dada Rula, naye anaitika. Kazi yake ni kujua samaki wa pwani hii wanatosha au wanakwisha. Bahari si sufuria uifunue uchungulie, anasema, kwa hiyo anatuuliza sisi: kilo ngapi, kwa saa ngapi? Anagawanya. Kilo nyingi kwa saa chache, samaki wapo. Kilo chache kwa saa nyingi, tumekwisha. Hata mimi niliyeiacha shule ikiwa bado inanihitaji, nimeelewa.

Jumamosi ya wiki ijayo ni mkutano. Ushirika na idara watakaa meza moja waamue: tuifunge ghuba ndogo miezi minne samaki watage kwa amani, au tuiache wazi na boti nane mpya zipewe vibali. Watafuata hesabu za Dada Rula. Na katika hesabu hizo, boti yangu ndiyo bwana harusi.

Nimepika kwenye meli ya mizigo miaka minne, nimeona bandari ambazo ukitamka majina yake unatema mate. Sikuwahi kuona mtu akiheshimiwa kwa kusema "mbili".

Jumatano, 5 Machi

Mpwa wangu amekuja. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, tumemlea sisi katika nyumba hii hii, sasa ana mke na mtoto na karakana yake ya kuchomelea mageti. Mikono imejaa alama za cheche. Alikunywa chai akainua kikombe kitupu mara mbili, nikajua ana neno.

Anataka kibali. Kimoja kati ya vile vinane. Atauza mashine ya kuchomelea na vifaa vyote, anunue boti na injini.

"Mjomba," akasema, "geti moja linanila wiki nzima, usiku macho yanawaka kama nimepakwa pilipili. Wewe saa mbili tu umemaliza. Kwa nini mimi niwe mjinga?"

Nifanye nini? Kifua kilinifura. Nikamwambia karibu baharini, mjomba, maji hayana fitina, nitakuonyesha njia. Nikampigia mfano wa tajiri mmoja niliyemwona bandarini, alianza na ndoana moja. Ile ndoana nadhani nilimwongezea mimi.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sufuria mkononi. Mke wangu akinyamaza ni kama injini ikinyamaza katikati ya maji.

Kijana alipoondoka nikamuuliza mama watoto ana nini. Akasema hana neno. Anawaza tu kwamba saa mbili zangu ni ndefu ajabu, maana ndani yake yeye hupika, hula, hulala, huamka, hufua, na anamaliza kuanika ndipo mimi narudi.

Basi niliweke jambo hili sawa, angalau humu. Natoka jioni, ndiyo. Kwa makasia, injini kimya, ili mtu asinifuate kwenye mwamba wangu. Mvuvi anayetaja mwamba wake ni sawa na mtu anayeacha funguo mlangoni. Natupa wavu. Nasubiri. Hakuna kitu, nahama. Natupa tena. Nasinzia. Nahama. Lakini *kuvua* kwenyewe, kuvuta wavu wenye samaki ndani, ni saa mbili. Kusubiri si kuvua. Kusinzia si kuvua. Dereva wa basi hahesabu muda aliolala stendi!

Hapo sijasema uongo hata kidogo.

Ijumaa, 7 Machi

Situlii. Nimekaa nimesimama, nimesimama nimekaa. Nimeshona wavu usiochanika. Mke wangu ameniambia nikapunge upepo kabla sijaanza kushona na mapazia.

Jumamosi, 8 Machi

Hii lazima niiandike, hata kama mkono unacheka.

Jana jua likizama nikatoka zangu kwa makasia, taratibu, nimemwachia mke wangu maagizo yale yale: mtu akiniulizia, amelala. Nimepita ncha ya mawe, huko ambako kutoka gatini huwezi kuonekana. Nasikia maji yanapigwa. Si samaki. Ni kasia.

Mwenyekiti wa ushirika! Mtu mzima, mwenye tumbo la heshima, ambaye Alhamisi alimwambia karani amepata kreti moja na nusu kwa saa mbili kasoro. Injini imefunikwa gunia. Anapiga kasia huku anahema kama mzee anayepanda ngazi.

Tukatazamana. Tulikuwa kama watu wawili waliokutana mlango wa choo: kila mmoja anajua mwenzake anakwenda kufanya nini, na hakuna wa kusema.

Akaanza yeye. Amekuja kuangalia nanga yake, anahofia imesogea. Nikamjibu mimi nimekuja kumwangalia mwenyekiti anavyoangalia nanga. Hakucheka. Akauliza kama sikuwa nimelala, maana mkewe alipita kwangu akaambiwa nimelala. Nikamwambia ndiyo, nimelala. Na yeye je? Akasema na yeye amelala.

Basi, watu wawili tuliolala tukaagana. Yeye akashika kusini, mimi kaskazini. Baada ya muda nikaona boti ya tatu, imezima taa, mtu ameinama asionekane. Nikapita kama sijaona. Adabu.

Asubuhi kreti moja na robo. Karani akauliza. Ulimi wenyewe ukasema mbili kabla sijaufikia. Mwenyekiti alikuwa pembeni anapima wake, akasema mbili na yeye. Hatukutazamana.

Jumatatu, 10 Machi

Mke wangu jana alikwenda kuazima ndoo. Nyumba ya kwanza, mwenye nyumba amelala. Ya pili, amelala. Ya tatu, mama akamwambia bwana ana homa, amelala tangu saa kumi na mbili. Akarudi nyumbani anacheka mpaka ameshika ukuta. Akasema yeye alidhani ni mimi peke yangu niliyemfundisha uongo huu, kumbe mtaa mzima tumewafundisha wake zetu shairi moja.

Nami nikacheka. Nilicheka sana. Kisha akaacha, akafuta macho kwa upindo wa kanga, akaniambia neno ambalo tangu jana linanizunguka kichwani kama nzi:

"Sasa kama mtaa mzima mmelala, anayevua ni nani? Na huyo dada wa watu anapima nini?"

Nikamwambia mambo ya hesabu hayajui. Akasema ni kweli, hayajui, ila anajua mwanaye anauza mashine. Mnunuzi amepatikana, anakuja kuichukua Jumamosi, siku ile ile ya mkutano. Anasema "mwanangu" akimtaja mpwa wangu. Amemnyonyesha pamoja na wetu wa kwanza, titi moja huku, moja kule.

Nimetoka nikaenda gatini bila kazi. Nimerudi. Nimekwenda tena.

Jumanne, 11 Machi

Dada Rula amenifuata mwenyewe. Nilikuwa nasugua boti ambayo nilikwisha kuisugua. Akakaa juu ya kreti, buti zake mbele, ubao wake mapajani.

Alisema hanilaumu kwa lolote, anataka kuelewa. Tangu alipofika, samaki anaowapima wanapungua urefu. Mwaka jana samaki aina ya changu, wengi walivuka kiganja na nusu, sasa wengi hawavuki kiganja. Samaki wakifupika hivi ina maana wakubwa wamekwisha, tunavua watoto. Hapo angetegemea na saa zetu ziongezeke, maana mtu huhangaika zaidi kupata kidogo. Lakini saa zetu zimesimama pale pale. Mbili, mbili, moja na nusu, mbili. Kama saa ya ukutani iliyokufa.

Nikampa kisa cha nahodha wa meli yetu aliyekuwa anaogopa paka. Alicheka kweli, ana meno mazuri. Kisha akarudi pale pale alipokuwa. Aina hii ya mwanamke ni hatari.

Akasema katika boti zote, yangu ndiyo inayoinua hesabu. Akiitoa, mstari anaouchora wa hesabu zetu unashuka. Akiiacha, mstari umelala sawa na bahari ina afya. Kwa hiyo ananiuliza mimi hasa: ninafanyaje?

Nikasema bahati.

Akanitazama bila kukasirika. "Kaka yangu," akasema, "bahati nitaigawanya kwa ngapi?"

Mimi siku zote nina jibu. Nikamwambia samahani, kamba imelegea, nikaenda kukaza kamba ambayo haikulegea.

Nikisema ukweli, ni mimi peke yangu nitakayeonekana. Wengine watasema wao ni mbili kweli, Kapteni ndiye mwongo. Najua watu. Nikinyamaza, ghuba inabaki wazi, boti nane zinaingia juu ya watoto wa samaki, na moja kati ya hizo anaiendesha mpwa wangu na injini yake mpya.

Labda yeye atakuwa na bahati. Labda iko kwenye damu.

Nimeisoma sentensi hii mara mbili. Sijui nani kaiandika.

Alhamisi, 13 Machi

Nimekwenda karakana nikiwa nimeshapanga maneno. Niliyapanga njiani, hata nikayasema kwa sauti, mama mmoja akahama upande wa barabara.

Mpwa wangu alikuwa anamalizia geti, la mwisho anasema. Zuri! Maua ya chuma juu, na kila kiungo kimesuguliwa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Nikasimama pale, cheche zinaruka, nikifikiri: huyu mtu anajua kazi. Huyu mtu ana kazi. Akizima mashine nitamwambia.

Akazima. Akavua miwani. Uso mweusi, pembeni mwa macho peupe, kama alivyokuwa akiingia jikoni kwetu na masizi. Akasema boti ameshaipata, na jina ameshalichagua. Ataiandika jina la mama yake. Dada yangu mimi.

Nikasema ni jina zuri.

Akaniomba Ijumaa nimchukue baharini ajifunze. Nikamwambia boti ya bahati haipakii mgeni, inakata baraka. Ni uongo niliotunga pale pale, haukuchukua hata pumzi moja. Naogopa jinsi ninavyotunga upesi.

Ndipo akanishika bega, mkono wake mzito, akauliza kwa sauti ya chini asisikie fundi mwenzake: "Mjomba, niambie ukweli. Nitaweza?"

Hapo. Mlango ulikuwa wazi, hata kubisha hodi hakukuhitajika.

Nikamwambia utaweza. Nikampa ushauri wa buti. Nunua buti za kipimo kinachozidi kidogo, nikasema, kwa sababu ya soksi. Nimeongea habari za soksi! Nimerudi nyumbani mke wangu akanitazama mara moja tu, akajua. Akaniwekea chakula akaondoka mezani.

Ijumaa, 14 Machi

Jana jioni mpaka leo asubuhi. Miamba yote. Wangu, na mingine ambayo si yangu. Petroli imekwisha, nimerudi kwa makasia na mgongo unalia.

Nusu kreti. Kiganja hawafiki, isipokuwa wachache. Nimepasua mmoja wa hao wachache tumboni — kumejaa mayai. Wa pili, mayai. Nikaacha kupasua.

Karani: saa ngapi, Kapteni?

Mbili.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nyuma ya ghala la ushirika, nimekalia mrundo wa maboya. Daftari nimekuja nalo ndani ya koti, sijui kwa nini. Wametoa mapumziko ya chai. Ndani ni joto, watu wamejaa mpaka madirishani, feni moja inazungusha harufu ya wavu.

Niandike upesi. Mwenyekiti amefungua kwa hotuba ndefu, amesema umoja mara nyingi. Ofisa wa idara, mwenye tai, amewasha projekta, ukutani ukatokea mstari wa Dada Rula. Umelala sawa kabisa. Ofisa akasema kama namba ni hizi, yeye haoni sababu ya kufunga ghuba, na vibali vinane atatia saini leo leo. Watu wakapiga makofi. Mpwa wangu yuko safu ya pili na shati jeupe. Naye alipiga makofi, akageuka kunitafuta, akanionyesha dole gumba.

Gari la mnunuzi liko nje. Naliona kutoka hapa nilipo. Mashine imepandishwa, imefungwa kamba, mwenyewe amekaa ndani anakula karanga. Anasubiri tu kijana atoke na kibali wamalizane.

Kisha Dada Rula akasimama. Hakupandisha sauti. Alisema mstari ule ni wa kwake, ameuchora yeye, na hauamini. Urefu wa samaki unasema kitu kimoja na saa zetu zinasema kingine, na samaki hawana sababu ya kudanganya. Minong'ono. Mmoja nyuma akauliza kwa hiyo sisi tunayo sababu? Akasema hajui. Anaomba jambo moja tu kabla ya kura: kila nahodha asimame, aseme mbele ya wenzake, tangu anapoiacha gati mpaka anaporudi gatini, anakaa saa ngapi. Si karani, si karatasi. Mdomo wake, mbele ya wanaojua.

Ofisa akakubali, nadhani kwa kutaka chai iwahi.

Tukaanza kwa mpangilio wa boti zinavyofungwa gatini. Mwenyekiti wa kwanza. Alisimama, akashika tumbo, akatazama dari. Saa mbili, akasema. Mkewe yuko pale pale, kando ya dirisha, akainama kufunga kiatu ambacho hakina kamba. Wa pili, yule wa boti iliyozima taa: moja na nusu. Wanaume arobaini na kitu, wote tunajua, na kila mmoja anatazama viatu vya aliye mbele yake.

Wa tatu ni mimi. Ndipo chai ikaja.

Mwenyekiti amenifuata hapa nyuma. Ameniambia nisijitie kiherehere. Amesema tukipunguza heshima yetu leo, kesho hata karani atatucheka. Nikamuuliza nanga yake haijasogea? Akasema hili si la mzaha. Kisha, nusura nimwonee huruma, akaniuliza kwa sauti nyingine kabisa, kama mtoto: hivi wewe jana ulirudi na kreti ngapi? Nikamwambia nusu. Akasema yeye hakufika nusu. Akaondoka.

Mke wangu amekuja baada yake. Amenipa kikombe. Nikamwambia nikisema, kijana ataaibika mbele ya watu kwamba mjomba wake aliyemfuata ni porojo tupu. Hatanisamehe. Nitaitwa majina mpaka kaburini, na wenzangu hawatanivutia boti tena. Akaniuliza nimemaliza? Nikasema nimemaliza. Akanirekebisha kola ya koti, akarudi ndani. Kupitia dirisha namwona amekaa safu ya pili, kando ya mwanaye, mkono wake juu ya goti lake, kama anamshikilia asiinuke.

Nimezungumza katika bandari tisa, nimewachekesha mabaharia walionizidi kimo na wasiojua lugha yangu. Sasa nafanyia mazoezi sentensi moja na inanishinda.

Karani anaita. Kapteni Bahati, wanakusubiri. Ameita mara ya pili. Mnunuzi wa mashine amemaliza karanga, amewasha gari, anapasha injini.

Niiandike hapa kwanza, mkono uizoee kabla ya mdomo. Sina bahati. Sikuwa nayo Jumatatu ile, sikuwa nayo mwaka jana. Natoka jua likizama, narudi jua limepanda, nalala njaa ndani ya boti, nahama kila mwamba kama mwombaji, na ninacholeta ni watoto wa samaki. Mbili ni uongo.